Wana wa Masaku walioota mizizi milima ya Shimba

Na MWANDISHI WETU

KILA Desemba inapokaribia, kituo cha mabasi cha mjini Machakos hupokea wageni ambao si wageni. Wanashuka wakiwa wamechoka kwa safari ya zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani, na mizigo yao huwatambulisha kabla hawajafungua kinywa: nazi ndani ya gunia, kikapu cha machungwa, halua iliyofungwa vizuri isije ikachafua nguo za sikukuu. Wakubwa wao husalimu kwa Kikamba cha kizamani, kile ambacho vijana wengi wa Machakos ya leo wamekwisha kukisahau. Watoto nao husalimu kwa Kiswahili. "Shikamoo nyanya," husema, wakati ambapo nyanya mwenyewe amezoea kuitwa susu.

Ajuza hucheka akaitikia. Kisha humgeukia mama mtu na kumwuliza kwa sauti ya chini: mtoto huyu kwao ni wapi?

Ajabu ni kwamba, msomaji, swali hilo hilo ndilo mtoto huyo huulizwa huko alikotoka. Mwalimu akiita jina lake darasani, Mutua au Mwende, mwenzake wa dawati humwuliza kwao ni wapi. Akijibu kwamba ni hapa hapa Kwale, huambiwa: la, kwenu kwenyewe.

Leo tuwatembelee watu hawa wanaoulizwa kwao pande zote mbili. Ni wana na wajukuu wa wakulima waliotoka Machakos katika miaka ya 1950 wakaenda kuanza maisha mapya kwenye milima ya Shimba, kusini mwa Mombasa. Mwandishi wa makala haya anawafahamu kwa sababu mmoja wao alikuwa baba yake mdogo.

KIJIJI CHENYEWE

Shimba Hills ni jina la milima, ni jina la hifadhi ya wanyama, na pia ni jina la kituo kidogo cha biashara katika kaunti ya Kwale. Ukishavuka kivuko cha Likoni, barabara hupita kwanza kwenye minazi na joto la pwani. Kisha huanza kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo shati linavyokauka jasho, na ukifika juu unakutana na upepo wa bahari ambao umekwisha kupoa. Asubuhi ukungu hulalia migongo ya vilima mpaka jua lipate nguvu. Mkamba aliyezaliwa Iveti au Kangundo, akiamka hapa siku ya kwanza na kuchungulia nje, anaweza kudhani kwamba basi lilimrudisha nyumbani usiku.

Kituo chenyewe si kikubwa. Kuna maduka yaliyopangana kando ya barabara, kinu cha kusagia mahindi, kinyozi, fundi wa baiskeli, wenye bodaboda wanaosubiri wateja chini ya mti, na akina mama waliopanga machungwa mafungu mafungu. Kengele ya kanisa na adhana ya msikiti husikika na watu wale wale, na kila mmoja anajua ni saa ngapi kwa kusikiliza dini ya mwenzake.

Tofauti huonekana ukiondoka barabarani. Vijiji vingi vya zamani vya Wadigo hukusanya nyumba pamoja chini ya minazi, jirani akikohoa jirani anasikia. Wakamba wa Shimba walijenga kama walivyojenga kwao: kila boma katikati ya shamba lake, na njia nyembamba ya miguu kutoka boma hili hadi lile. Pembezoni mwa shamba kuna michungwa, miembe, mikorosho na minazi; katikati kuna mahindi, mihogo na kunde. Baadhi hupanda biksa, mti wenye mbegu nyekundu zinazotoa rangi ya chakula.

Nani wanaoishi hapa? Wakamba wako kwa wingi, lakini hawako peke yao wala hawakukuta ardhi isiyo na wenyewe. Wadigo na Waduruma ndio wenyeji wa milima hii na mabonde yake tangu zamani, na misitu yao mitakatifu ya makaya ingaliko katika sehemu mbalimbali za Kwale. Makaya kadhaa ya Wamijikenda yaliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008. Baadaye wakaja na watu wa makabila mengine, wengine kwa kazi, wengine kwa kununua shamba, wengine kwa kuoa au kuolewa.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 866,820 katika kaunti nzima ya Kwale, kutoka watu 649,931 waliohesabiwa mwaka 2009. Machakos nayo ilikuwa na watu 1,421,932. Kwa maneno mengine, kila kilomita mraba ya Machakos ilikuwa na watu wapatao 235, na ile ya Kwale watu wapatao 105. Katika tofauti hiyo ya hesabu ndimo kilimo chanzo cha kijiji chetu.

NJIA YA ZAMANI

Kuna wanaodhani kwamba Wakamba walifika pwani kwa reli. Sivyo. Njia kati ya Ukambani na bahari ilichakazwa kwa miguu ya watu miaka mingi kabla ya chuma cha kwanza kulazwa chini.

Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu hadi Mombasa na kurudi na nguo, shanga na shaba. Njaa kubwa ya mwaka 1836 iliwasukuma wengine wasirudi tena, wakajenga karibu na Rabai na katika nchi ya Waduruma. Mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliwakuta wakiishi huko. Ni Wakamba hao hao waliomwongoza hadi Kitui kwa mtemi Kivoi mwaka 1849, safari iliyomwezesha kuuona Mlima Kenya.

Watu wa pwani nao walikwenda bara. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ilijenga kituo chake Machakos, mahali palipopewa jina la mzee Masaku na ndimi za wageni zikaligeuza likawa Machakos. Wapagazi wengi waliobeba mizigo hiyo walitoka pwani. Machakos ilikuwa kituo cha utawala kabla Nairobi haijawa mji, na Kiswahili kilisikika sokoni mwake tangu siku hizo. Kwa hivyo mtoto anayemsalimu susu wake kwa Kiswahili mjini Machakos hajaleta jambo geni sana.

ARDHI ILIPOCHOKA

Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mashamba bora yaliyopakana nayo yalikuwa yamechukuliwa na Wazungu, na Wakamba wakabanwa ndani ya mipaka ya hifadhi yao. Mvua ilipokosekana nyasi ziliisha, na iliponyesha ilibeba udongo. Picha za miaka hiyo zinaonyesha vilima vilivyo uchi na makorongo yanayoweza kummeza ng'ombe.

Dawa ya serikali ya kikoloni ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikusanywa na kuuzwa kwa bei ambayo mwenye mali hakuichagua. Wakamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, walifunga safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wakidai kumwona gavana. Mwishowe serikali ilirudi nyuma, lakini Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Leo barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina lake.

Tazama mambo ya dunia yanavyokwenda. Serikali ile ile iliyompeleka kiongozi wa Machakos pwani kuwa mfungwa ndiyo iliyowapeleka watu wake pwani kuwa wakulima. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilianzishwa mipango ya kuwatafutia watu ardhi nyingine. Mpango wa Makueni ndio uliotangulia, kwanza kwa kufyeka vichaka vyenye mbung'o. Kisha katika miaka ya 1950 ikaja zamu ya milima ya Shimba.

KALENDA ILIYOGEUKA

Baba yangu mdogo alikuwa kijana asiye na mke alipojiandikisha. Baba yake alikuwa na wana wengi na shamba ambalo, likigawanywa, kila mmoja angepata mahali pa kusimama tu, si mahali pa kulima. Aliondoka Iveti na jembe, panga, sufuria moja na chondo kilichojaa mbegu alizopewa na mama yake.

Mbegu hizo ndizo zilizompa somo la kwanza. Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi na Aprili ikija ni heri, isipokuja tumezoea. Pwani ni kinyume. Masika ya Aprili hadi Juni ndiyo mvua yenyewe, na vuli ni nyongeza. Mtu aliyelelewa kusubiri Novemba ilimbidi ageuze kalenda iliyokuwa kichwani mwake. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia, akicheka, jinsi msimu wa kwanza alivyochelewa kupanda, na jinsi mzee mmoja wa Kidigo alivyosimama mpakani akimtazama kwa huruma bila kusema neno. Msimu wa pili mzee yule hakunyamaza tena. Alikuja mapema kumwambia apande.

Somo la pili lilikuwa la ng'ombe. Mkamba bila ng'ombe ni kama mvuvi bila mashua, lakini milima ya Shimba ina mbung'o, na ng'ombe walioletwa kutoka bara walikonda na kufa kwa ndorobo. Wengi walibaki na mbuzi na kuku, na ile heshima ambayo mtu angeipata zizini ikahamia kwenye miti. Mzee alianza kuhesabiwa kwa michungwa yake.

Lakini hawakuja kujifunza tu. Walikuja pia na elimu yao. Milima ya Shimba ina mteremko, na udongo wake wa kichanga huchukuliwa upesi na maji. Watu waliokwisha kuona vilima vya kwao vikibaki mifupa hawakutaka kuona jambo hilo mara ya pili. Walichimba matuta ya "fanya juu", yaani mtaro unachimbwa na udongo wake kutupwa upande wa juu, ili mwaka baada ya mwaka ukuta ujijenge na shamba ligeuke ngazi. Jina hilo la Kiswahili lilivuma kutoka Machakos, na leo hutajwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi. Kazi yenyewe ilifanywa kwa mwethya, mpango wa Kikamba wa majirani kulimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba hutoa chakula.

Huko nyuma Machakos nako mambo hayakusimama. Kufikia mwaka 1989 wilaya ilikuwa na watu karibu milioni 1.4, na bado vilima vyake vilikuwa vimevaa matuta na miti kuliko miaka ya 1930. Ndugu waliobaki na ndugu waliohama waliiokoa ardhi kwa jembe la namna moja, huyu milimani Iveti, yule milimani Shimba.

MBAAZI NA BARAZA

Ukitaka kujua tabia ya kijiji, kaa jikoni. Mbaazi ni chakula cha Wakamba toka azali. Wao huziita nzuu na huzichanganya na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa. Pwani nako mbaazi ni malkia wa kifungua kinywa, lakini huko huungwa kwa tui la nazi na kuliwa na mahamri. Zao ni moja, mapishi mawili.

Katika boma la baba mdogo nilizikuta njia zote mbili chini ya paa moja. Mkewe, aliyetoka Machakos, alichemsha nzuu zake na chumvi na kitunguu. Mkaza mwana wake, binti aliyezaliwa Kwale, alikuna nazi. Mwanzoni kulikuwa na ubishi wa kimya kimya, kila mmoja akikisifu chungu chake. Miaka ilipopita kikapatikana chungu cha tatu: muthokoi uliotiwa mbaazi na kuungwa kwa tui la nazi. Nilipokileta kichwani mwangu hadi Machakos na kumweleza mama yangu, aliguna. Alipokionja aliomba aongezwe.

Ni hivyo hivyo kwa mambo mengine. Mzee wa Kikamba huketi thome, pale nje ya boma penye moto wa jioni, ambapo wanaume huzungumza na vijana husikiliza. Mzee wa pwani huketi barazani. Kule Shimba nimeona thome yenye benchi la udongo kama baraza, na baraza lenye moto kama thome. Mashauri ni yale yale: mahari, mipaka, bei ya machungwa, na mtoto wa fulani aliyekwenda Mombasa asirudi.

Lugha nazo zimekorogeka. Wazee huzungumza Kikamba, watoto Kiswahili, na wengi wamekijua Kidigo kwa sababu ya kucheza, kuuza na kuoana. Wapo pia Wadigo wanaoelewa Kikamba vizuri zaidi kuliko wajukuu wa Wakamba. Jambo hili huwaudhi wazee, na si bila sababu. Lugha ikitoka mdomoni mwa mtoto hairudi kwa kuitwa.

JIRANI MWENYE MKONGA

Jirani mmoja hajapata kuzoeleka, naye ni tembo. Hifadhi ya Shimba ilitangazwa rasmi mwaka 1968, na ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Watalii hupanda milima kumwona. Ndani ya misitu hiyo zimo pia chemchemi za Marere zinazowapa maji watu wa Mombasa. Kwa hivyo hifadhi ni mali, na wanakijiji wanalijua hilo.

Lakini mali hiyo huvuka ua usiku. Kundi la tembo likiingia shamba la mahindi yaliyokomaa, asubuhi mwenye shamba hukuta nyayo na mabua. Tatizo lilizidi mpaka mwaka 2005 shirika la wanyamapori likahamisha tembo wapatao 150 kutoka Shimba hadi mbuga ya Tsavo Mashariki, wakilazwa kwa dawa na kubebwa kwa malori. Ua wa umeme nao ulisaidia. Hata hivyo watu wa Shimba hawajaacha kulala sikio moja likiwa wazi nyakati za mavuno, na debe la kupiga kelele limewekwa karibu na mlango.

SWALI LA ARDHI

Sasa tufike penye kidonda. Mtu asikudanganye kwamba watu hawa wote waliishi kama mafiga siku zote.

Mpango wa makazi huja na ramani, namba za ploti na tumaini la hati miliki. Mdigo aliyezikwa babu zake karibu na kaya hakuwa na karatasi yoyote. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani aje aandikishe dai lake, na Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala si ya mtu mmoja, walibaki nje. Ndivyo mwenyeji alivyojikuta akiitwa skwota katika nchi ya babu yake, huku mgeni akipewa ploti. Mtu mwenye haki akilitazama jambo hili hawezi kumlaumu Mdigo kwa uchungu wake, wala hawezi kumlaumu mkulima wa Machakos aliyekuja kwa kuitwa na serikali, baada ya ardhi yake mwenyewe kubanwa na serikali hiyo hiyo. Wote wawili walikatiwa kitambaa na fundi mmoja.

Uchungu huo ulitumiwa vibaya. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, genge lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni. Ghasia zilizofuata ziliwalenga watu wa bara, na zilisambaa hadi sehemu za Kwale. Watu wapatao 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakahama. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, ilisikiliza ushahidi juu ya ghasia hizo na nyingine nchini.

Kule milimani hofu ilifika kabla ya habari. Mabasi ya kurudi bara yalijaa. Ndugu zake baba mdogo walimtumia ujumbe kutoka Machakos aje na watoto, mahali pa kulala patapatikana. Alikataa. Majuma mawili wajukuu zake walilala kwa mzee yule yule wa Kidigo, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka, na ambaye aliwaambia waliomwuliza kwamba hao ni wajukuu wake. Hakuwa amesema uongo mkubwa, kwani mwanawe alikuwa amemwoa binti wa jirani wa Kikamba.

Swali halikuishia hapo. Miaka ya 2010 na 2012 kauli ya "Pwani si Kenya" ilisikika tena, na machoni pa wengi ilikuwa swali lile lile la ardhi limevaa nguo nyingine.

Wamakonde wa Kwale wanalijua swali hilo kuliko yeyote. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na wajukuu wao wakakaa miongo mingi bila kitambulisho cha nchi yoyote. Oktoba mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mkamba wa Shimba ana kitambulisho tangu zamani. Anachokosa ni jibu ambalo jirani na ndugu wote wawili watalikubali.

KABURI CHINI YA MWEMBE

Baba mdogo alifariki akiwa amepita miaka 80. Habari ilipofika Machakos ukoo ulikutana jioni ile ile, na kabla hata ya kuulizana alivyougua, mashauri yakawa ni gari la kumleta. Wazee walikuwa na hoja. Mtu huzikwa kwao, penye makaburi ya baba zake. Wakenya hatujasahau jinsi mwili wa wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba mwaka 1986, ulivyokaa miezi mitano bila kuzikwa huku mjane na ukoo wakivutana mahakamani juu ya swali hilo hilo: kwao ni wapi?

Tulikwenda Shimba tukiwa watu kumi na wanne, tumejiandaa kwa ubishi. Wana wake nao walikuwa wamejiandaa. Walitaka baba yao alale chini ya mwembe alioupanda mwaka wa kwanza aliopata mavuno.

Mzee wetu mmoja, mkubwa wa ukoo, aliomba kwanza aonyeshwe shamba. Alitembezwa kwenye matuta, akayapima kwa fimbo yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika mpakani alikuta safu ya minazi mirefu, akauliza ni ya nani. Aliambiwa ni ya marehemu. Akauliza mbona wanakijiji wanaitaja kwa heshima namna ile.

Hapo mtoto wa yule mzee wa Kidigo, ambaye sasa alikuwa mzee yeye mwenyewe, alieleza. Katika mila za Wamijikenda mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kumiliki mnazi uliosimama kwenye ardhi ya mwingine. Ndiyo sababu mgeni anaweza kuazimwa mahali pa kulima mahindi na mihogo, lakini kupanda mnazi haruhusiwi hivi hivi, maana mnazi huishi kuliko aliyeupanda, na aliyeupanda amesema kwamba hataondoka. Ile minazi ya mpakani baba yake mwenyewe ndiye aliyeleta miche, akasimama kushuhudia ikipandwa. Aliongeza kwamba vijana wa kijiji, Wadigo kwa Wakamba, walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi tangu asubuhi, kwa kuwa kwao si desturi kumchelewesha maiti, na hawakujua kwamba kulikuwa na shauri lingine.

Mzee wetu alikaa kimya kitambo. Kisha aliomba apewe koleo, akaenda kwenye kaburi lile na kusawazisha ukingo wake kwa mikono yake. Ubishi tuliokuja nao tulirudi nao kwenye gari, haujafunguliwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Shimba wameshika jembe kwa miaka sabini sasa. Serikali ina deni la kumaliza swali la hati za ardhi, na halitaishia kwa kumpa mmoja na kumnyima jirani yake. Mdigo asiye na karatasi anastahili kusikilizwa kwanza, kwa kuwa amengoja zaidi. Sisi wa Machakos nasi tuna deni dogo. Tuwapokee hao wajukuu wa Desemba bila kuwapima kwa mtihani wa Kikamba, na tuwafundishe kwa upole yale maneno ambayo nyumbani kwao hayasikiki sana.

Desemba iliyopita mjukuu wa baba mdogo, msichana wa miaka tisa, alishuka Machakos na gunia la nazi lililomzidi uzito. Mama yangu alimwuliza lile swali la kila mwaka. Mtoto alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiswahili kwamba kwao ni penye mwembe wa babu. Mama yangu hakuuliza tena. Alichukua nazi moja, akaitikisa sikioni kusikia maji, akaenda kuloweka nzuu.